Unyoya Haujifungi Wenyewe

Nina ugomvi ambao nimekaa nao tangu mwaka jana, na leo naona bora niutoe.

Tulikuwa kwenye kikao cha wasomaji hapa Nairobi, tunajadili kitabu cha Kirk Wallace Johnson, The Feather Thief, kilichochapishwa 2018. Wengi wenu mnakijua. Ni kisa cha kweli cha kijana wa Kimarekani, mpiga filimbi aliyekuwa akisomea muziki London, ambaye usiku mmoja wa Juni 2009 aliingia kwenye jumba la makumbusho huko Tring, Uingereza, akatoka na ngozi za ndege 299. Baadhi ya ndege hao walikusanywa na Alfred Russel Wallace katikati ya karne ya 19. Kijana hakuwa na shida na sayansi. Alitaka manyoya. Na manyoya yenyewe ni ya kufungia chambo cha samaki aina ya samoni, chambo ambacho wavuvi wake hukiita nzi.

Kikao kikacheka. “Wazungu na mambo yao,” akasema mmoja. Mwingine, mwalimu wa fasihi ninayemheshimu, akaongeza kwamba kitabu cha Johnson ni kizuri kwa sababu ni kisa cha wizi. Lakini vile vitabu ambavyo wezi na wateja wao wanaviabudu, vya hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya tatu, hivyo si fasihi. Ni karatasi ya maelekezo, kama ile inayokuja na kitanda cha kuunganisha. Watu wakaitikia. Mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa aibu, na aibu hiyo nitaieleza mbele. Ninachotaka kusema kwanza ni hiki: wanaoviabudu vitabu hivyo wamekosea, na sisi tuliocheka tumekosea vilevile. Tena kosa letu ni moja. Wote tunaamini kwamba ufundi uko kwenye orodha. Wao wanaiabudu orodha, sisi tunaidharau, na hakuna anayeuliza mkono uko wapi.

Hebu niwaeleze kitu chenyewe, maana huwezi kubishana juu ya usichokijua.

Nzi wa samoni wa enzi ya Malkia Victoria ni ndoana iliyovishwa. Neno ni lao, Waingereza wa zamani walisema nzi “anavishwa”, na kwa kweli ukimwona utafikiri bibi arusi wa Lamu. Nzi maarufu kuliko wote anaitwa Jock Scott. Inasimuliwa kwamba alibuniwa yapata 1850 na mtumishi wa Lord John Scott aliyeitwa jina hilohilo, Jock Scott, wakiwa safarini kwenda Norway. Ndoana ni nyeusi. Mkiani kuna unyoya wa kishungi cha fezanti wa dhahabu, ndege wa Uchina. Mwili umegawanywa nusu mbili, nyuma hariri ya manjano, mbele hariri nyeusi, na utepe mwembamba wa fedha unazunguka zote. Katikati na mwishoni kuna kola ndogo za unyoya mweusi wa mbuni. Shingoni ni kanga, yule kanga wetu wa madoadoa. Mabawa ni bata mzinga, tausi, tandawala, bata na swani. Mashavuni ni kotinga wa buluu wa Amerika ya Kusini, na juu kabisa pembe mbili za unyoya wa kasuku mkubwa wa hukohuko.

Hesabu mabara katika orodha hiyo: Asia, Afrika, Ulaya, Amerika zote mbili. Haya yote kwenye kitu kirefu kama kidole. Sasa jiulize ilikuwaje mtu wa Scotland apate manyoya hayo yote mezani. Meli zilizobeba pamba na chai ndizo zilizobeba na ndege waliokufa, kwa ajili ya kofia za wanawake wa London. Kilichobaki kwenye kofia kilienda kwenye ndoana. Wahenga walisema kanga hazai ugenini, lakini unyoya wake ulizaa, jamani. Umezaa kwenye kila Jock Scott aliyewahi kufungwa.

Na kichekesho ni kwamba samoni mwenyewe hajali. Samaki huyu akitoka baharini kupanda mto kwenda kuzaa, huacha kula. Anapoiuma ndoana, haumi kwa njaa. Hakuna samoni aliyewahi kuuliza kama unyoya wa shavuni ni wa kotinga au ni wa kuku aliyepakwa rangi. Anayeuliza ni binadamu.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuwafanya binadamu waulize ni George Kelson, aliyechapisha The Salmon Fly mwaka 1895. Kitabu kikubwa, cha kujiamini mno. Kelson aliandika kana kwamba kila unyoya una kazi yake maalumu, na ukiuacha mmoja umeharibu ibada. Baadaye R. B. Marston, mhariri wa gazeti la Fishing Gazette, alimshambulia waziwazi juu ya madai yake kuhusu nani alibuni nini. Wakatupiana maneno hadharani kwa sababu ya kijinzi kimoja kiitwacho Little Inky Boy. Wazee wawili wenye heshima zao, karatasi na wino, kwa ajili ya chambo. Mkitaka ugomvi wa kifasihi, huo hapo.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kwa mlango wa nyuma. Baada ya kusoma kitabu cha Johnson nikapata wazimu kidogo. Mimi ni mwandishi wa habari, wazimu wetu ni kutaka kushika kitu kwa mkono. Nikanunua jiliwa, ile vaisi ndogo ya kushikia ndoana. Nikanunua uzi, nta, utepe wa fedha. Nikasoma Kelson. Nikasoma T. E. Pryce-Tannatt, daktari aliyetoa How to Dress Salmon Flies mwaka 1914 kwa ajili ya watu wasio mafundi. Yeye nampenda, nitasema kwa nini baadaye. Nikachapisha na maelekezo mengine ya siku hizi, hatua ishirini na kitu, kila hatua na picha yake.

Nilipofika kwenye orodha ya manyoya, nikakuta “kunguru wa Kihindi”. Nimekulia Mombasa. Kunguru wa Kihindi namjua kuliko binamu zangu, ni yule mwizi wa samaki na vifaranga, uzao wa kunguru walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani nzima. Nikafurahi. Nikasema angalau unyoya mmoja nitaupata bure. Kumbe sivyo. Kunguru wa Kihindi wa wafunga nzi si kunguru na si wa India. Ni ndege wa Amerika ya Kusini mwenye kifua chekundu, na wauza manyoya ndio waliompa jina hilo. Hapo ndipo niliposhuku kwa mara ya kwanza kwamba orodha hii tukufu ni ya wauzaji kabla ya kuwa ya mafundi.

Lakini nikaendelea. Wiki tatu. Nilitumia manyoya ya kawaida, ya kuku na bata mzinga, nikapaka rangi. Mwili ulikubali. Bawa likakataa. Kila nilipolishusha juu ya ndoana na kukaza uzi, lilijikunja upande kama mtu aliyevunjika shingo. Maelekezo yalisema, “funga bawa.” Maneno mawili. Nikarudia mara kumi na tano, nikasoma hayo maneno mawili mara kumi na tano, na hayakuongeza neno la tatu.

Basi nikampigia simu mama mmoja.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wasomaji wa The Feather Thief hapa kwetu wengi hawakijui, na mimi nilikuwa nakijua lakini nilikisahau kwa makusudi. Kenya ni nchi ya wafunga nzi. Samaki aina ya trauti waliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Scotland, wakamwagwa mtoni Gura kwenye milima ya Aberdare, na nyuma yao wakaja wavuvi wa kikoloni, na nyuma ya wavuvi ikaja kazi ya kuwafungia nzi. Wakoloni waliondoka, kazi ikabaki. Mpaka leo kuna Wakenya, wengi wao wanawake, wanaokaa mezani kutwa nzima wakifunga nzi wanaouzwa Uingereza na Marekani. Wanalipwa kwa dazeni. Kwenye pakiti pameandikwa jina la nzi na jina la kampuni.

Huyu mama nilimjua miaka minane iliyopita. Nilikuwa nimeanza kazi gazetini, nikatumwa karakana moja nje ya jiji kuandika makala ya biashara. Nikakaa naye asubuhi nzima. Alinionyesha mengi. Nikaandika makala, ikatoka na picha yake, na chini ya picha nikaandika: “Mfanyakazi akifunga nzi wa kuvulia samaki.” Mwenye karakana nilimtaja kwa jina mara sita.

Nilipompigia safari hii, alinikumbuka mara moja. Nikamwamkia, tukaulizana za nyumbani, kisha akasema, “Wewe si ndiye yule wa gazeti? Ile gazeti ninayo. Nilimwonyesha msichana wangu, akaniuliza, mama, mbona hawajaandika ni wewe?”

Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja. Siku ya kikao, mwalimu wangu aliposema kwamba maelekezo ya ufundi si fasihi, ningemjibu nini? Mimi nimeandika sentensi iliyomfuta mtu kwa neno moja, “mfanyakazi”, na sikuhitaji hatua ishirini.

Mama hakuninyima. Nilienda kwake Jumapili mchana, baada ya ibada, na nzi wangu wa bawa lililovunjika ndani ya kibiriti. Akaivaa miwani, akamgeuza geuza, akacheka kwa upole. Halafu akachukua wembe akaniambia, “Mfumue.”

Nikafikiri ananitania. Nimemfunga kwa saa nne. Akarudia, “Mfumue mwanangu, pole pole, uangalie kila kitu kilikuwa kimelala wapi.” Nikamfumua. Na nilipokuwa nafumua nikaona mwenyewe, bila kuambiwa: uzi wangu ulikuwa umepanda juu ya bawa kutoka upande mmoja, ukalisukuma. Akanionyesha. Unalibana bawa kati ya kidole gumba na cha shahada. Unapitisha uzi juu kwa ulegevu, kitanzi kinakaa ndani ya vidole. Hufungui vidole. Kisha unauvuta uzi chini, wima kabisa, nyuzinyuzi za bawa zikalaliana moja juu ya nyingine kama karatasi. “Bana kwanza,” alisema. “Uzi ushuke, usizunguke. Ukiona vidole vinataka kufunguka, hapo ndipo usifungue.”

Sentensi hiyo ya mwisho haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Nayo ndiyo siri yote ya bawa.

Akanionyesha pia kuoanisha. Hilo ni neno langu, lakini nadhani ni zuri kuliko la Kiingereza. Vijinyuzi vya unyoya vina vikulabu vidogo mno. Ukichukua ukanda wa manjano na ukanda mwekundu na wa buluu, ukavilaza ubavu kwa ubavu na kuvipapasa kwa upole, vinashikana vikawa kitu kimoja. Bawa la kulia hutoka kwenye manyoya ya upande wa kulia wa ndege, la kushoto kushoto. Ukichanganya, ndoa haikai. Na hapa nikagundua jambo lililonikasirisha kabisa. Ile mikanda ya manjano na buluu kwenye Jock Scott halisi, wa vitabuni, wa 1895, ni unyoya mweupe wa swani uliopakwa rangi. Umepakwa rangi! Nzi mtakatifu mwenyewe, katika siku za utukufu wake, alivaa nguo ya kutiwa rangi kwenye sufuria. Sasa nani anathubutu kumwambia mwanafunzi wa leo kwamba bila kotinga halisi hajafunga nzi wa jadi?

Na wanathubutu. Nimesoma watu wazima wakiandika kwamba nzi wa manyoya mbadala ni “picha ya nzi”. Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya tangu 1921. Mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini ulikubaliwa 1973. Mpaka leo watu wanalipa pesa ya kulisha familia kwa manyoya machache ya ndege mmoja, na kijana mmoja akavunja dirisha la makumbusho. Wahenga walishamaliza: mchagua jembe si mkulima. Anayesema hawezi kufunga mpaka apate kunguru wa Kihindi anatafuta kitu kingine, na kitu hicho hakina uhusiano na ufundi.

Wapo watakaonijibu kwamba bila akina Kelson na orodha zao tungepoteza kila kitu. Ni kweli nusu. Orodha imehifadhi mavazi. Nashukuru. Ndiyo maana nampenda Pryce-Tannatt, kwa sababu aliandika akimfikiria mtu anayeshindwa. Ukimsoma unahisi amekaa karibu nawe na anajua vidole vyako vinatetemeka. Hiyo kwangu ni fasihi kamili. Kumwandikia mtu usiyemwona, ukatabiri atakosea wapi, ukafika kabla yake: waandishi wangapi wa riwaya wanaliweza hilo? Kwa hiyo mwalimu wangu wa kikaoni, kwa heshima zote, amekosea. Maelekezo mabaya si fasihi, kama vile riwaya mbaya si fasihi. Maelekezo mazuri ni kazi ngumu ya lugha.

Lakini hata Pryce-Tannatt hatoshi, na ushahidi ni Megan Boyd. Huyu ni fundi wa Scotland aliyezaliwa 1915 na kufariki 2001, aliyefunga nzi kwa miaka mingi kwenye kijumba chake karibu na Brora. Mfalme wa leo wa Uingereza, enzi akiwa mwana wa mfalme, alikuwa mteja wake. Mwaka 1971 alipewa nishani na Malkia. Mwenyewe hakuwa mvuvi. Na alijifunzaje akiwa msichana? Mlinzi mmoja wa mawindo, Bob Trussler, alimpa nzi wake akamwambia awafumue, kisha awafunge upya kwa vifaa vilevile kwenye ndoana ndogo zaidi. Kufumua. Yule mama wa nje ya Nairobi hajawahi kusikia jina la Megan Boyd. Nilipomweleza, alitikisa kichwa tu na kusema, “Sasa angemfundisha vipi tena?”

Tofauti yao ni moja. Boyd ana jina. Ana nishani, ana filamu juu ya maisha yake, Kiss the Water, ya 2013. Hata yule mtumishi wa Lord John Scott ana jina, na jina lake limeishi kuliko la bwana wake, kwa sababu lilikaa juu ya nzi. Hawa wa kwetu, waliofunga nzi wengi kuliko wanavyoweza kuhesabu, hawana hata mstari.

Na tusiwasukumie lawama Wazungu peke yao, tafadhali. Sisi tunaoandika Kiswahili tumefanya nini? Tuna fundi wa kofia za kushona kwa mkono, tuna wasuka ukili, tuna waliojua kushona mtepe bila msumari. Tunawaandikia tenzi za sifa. Tunasema “mikono ya dhahabu”. Ni nani kati yetu amekaa chini akaandika, hatua kwa hatua, jinsi ukili unavyoanza, wapi mwanafunzi atakosea, na nani alimfundisha? Tumeliachia jambo hilo kwa watafiti wa nje, kisha tunawacheka wanapolifanya kupita kiasi.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Wewe unayetaka kujifunza kufunga nzi wa samoni, anza na kanga, jogoo na bata mzinga, na rangi ya sufuria. Huna dhambi. Tafuta nzi mmoja aliyefungwa vizuri, mfumue, mfunge tena, na umtafute mtu wa kukuonyesha bawa. Wewe mhakiki, kabla hujasema kitabu cha maelekezo si fasihi, jaribu kueleza kwa maandishi jinsi ya kufunga kamba ya kiatu, halafu umpe mtoto asome. Na wewe mwandishi wa habari mwenzangu, uliza jina, uliandike.

Hili la mwisho nililifanya, kwa kuchelewa. Nilimwambia mama kwamba naandika tena, na safari hii jina lake litakuwa sentensi ya kwanza. Akafikiri kidogo. Akaniomba nisiliandike. Bado anafunga kwa dazeni, na mwenye kazi asije akafikiri anafundisha watu wa nje. “Ungeliandika ile siku,” alisema. “Ile siku ulikuwa umekuja na barua ya ruhusa.”

Jock Scott wangu yuko mezani hapa ninapoandika. Bawa la kushoto limekaa. La kulia limelala kidogo, si sana. Kesho nitamfumua.